Wapenzi wa Msondo na Upendo wa Kwanza



Ndugu vijana, Mzee Muhidin Gurumo alizaliwa Kisarawe, na mwaka 2014 akazikwa kwao huko huko, Masaki. Aliimbia NUTA Jazz, bendi ya mwaka 1964. Baadaye ikaitwa Juwata, kisha OTTU, sasa Msondo Ngoma. Waimbaji wamehama, wengine wamefariki. Gurumo mwenyewe alihamia Mlimani Park, akaja kurudi. Lakini wapenzi wa Msondo? Bado wapo! Hapa Kibaha wimbo ukipigwa tu, mzee anaweka kikombe chini, anaitikia.

Sasa sisi. Paroko akihamishwa, Misa tunaipunguza. Mwalimu wa kwaya akibadilishwa, tunanuna. Mwenyekiti wa jumuiya akitukwaza, ndiyo basi tena. Kwani tulimpenda nani?

Kanisa la Efeso lilisifiwa kwa uvumilivu, ila likaonywa kwamba limeuacha upendo wake wa kwanza (Ufu 2:4-5). Dawa yake haikuwa kungoja hisia zirudi. Liliambiwa likumbuke, litubu, litende kama mwanzo.

Wapenzi wa Msondo wamedumu na sauti za marehemu. Wetu yu hai. Jumapili hii nenda Misa, hata kama padre humjui. Yule uliyempenda hajahama.