Matone ya Jicho na Mpaka wa Saumu

Lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, yaani mtoto wa jicho, ikishaondolewa na lenzi ya bandia kuwekwa mahali pake, mgonjwa hupewa matone ya kutuliza uvimbe, ambayo huwa ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, au yasiyo ya steroidi, kama ketorolaki, inayozuia kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea uvimbe na maumivu. Matone hayo hutiwa mara kadhaa kwa siku kwa majuma manne hivi, na ya steroidi hupunguzwa hatua kwa hatua. Kwa hiyo anayepasuliwa mwishoni mwa Shaabani huingia Ramadhani na kichupa mkononi, na swali la iwapo tone la mchana linabatilisha saumu si la kinadharia hata kidogo.

Wanafiqhi waliijenga hukumu juu ya kitu kinachofika katika jaufu, yaani uwazi wa ndani wa mwili, kupitia manfadhi, yaani tundu lililo wazi kama mdomo na pua. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake ni nguzo ya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliona kuwa wanja haubatilishi saumu hata ladha yake ikisikika kooni, kwa kuwa jicho si jaufu wala halina njia iliyo wazi kuelekea huko. Wamaliki walishikilia kinyume chake: kilichofika kooni kimefika, hata kama kimepitia jichoni.

Kwa upande wa maumbile, anatomia imewaunga mkono Wamaliki, kwani kutoka pembe ya ndani ya jicho upo mfereji wa machozi unaoteremka hadi puani, na ndiyo sababu uchungu wa dawa husikika kooni. Je, hukumu ya Nawawi imeanguka pamoja na sababu yake? Haielekei hivyo, kwa maana aliyetaja ladha kooni alikuwa amekwisha kukubali kwamba kitu kinafika, na bado hakukihesabu kuwa kula; alichokipima ni aina ya njia ambayo watu huitambua kuwa ya kuingizia kitu mwilini, na mfereji mwembamba usioonekana kwa macho haumo humo.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1997, lilishika njia ya katikati: matone hayabatilishi saumu, mradi mtu ajiepushe kumeza kinachofika kooni. Sharti hilo latimizika, kwani kufumba jicho na kubana taratibu pembe yake ya ndani kwa dakika moja au mbili, bila kuligandamiza jicho lenyewe, hupunguza dawa inayoteremka.

Anayeyaacha matone mchana kwa uchaji huhatarisha makula, kitovu cha retina kinachowezesha kusoma herufi ndogo, ambacho uvimbe ukikifikia, uwezo wa kuona huweza kufifia tena. Hata Mmaliki anayeamini kuwa tone limembatilishia saumu anawajibika kulipa siku hizo akishapona, kama aya ya 184 ya sura ya Al-Baqara inavyomruhusu mgonjwa, wala hajaamrishwa kuliacha jicho bila dawa.