Saa ya Nafuu ni ya Nani?

Lugha yetu ina neno moja ambalo mwenye afya hulitumia dukani na mgonjwa hulitumia kitandani. Neno hilo ni nafuu. Muuza vitambaa wa Darajani akisema bei yake ni nafuu, anamaanisha kwamba hutatoa kingi. Mgonjwa akijibu kwamba leo ana nafuu, anamaanisha kwamba maumivu yamempungukia, ingawa hayakumwondokea. Mimi nimeishi na maana hiyo ya pili kwa miaka mingi, na naweza kumhakikishia msomaji kwamba hakuna kitu ghali kama hicho. Nafuu ya mwenye maradhi sugu hainunuliwi, haiwekwi akiba, wala haijulikani itabisha hodi saa ngapi. Swali ninalotaka kulijadili ni fupi: inapokuja, ni ya nani?

Maradhi yangu ni yale ambayo watu wa pwani huyaita baridi yabisi. Jina hilo kwetu ni pana kama jamvi la msikitini: mzee aliyechakaa magoti, mvuvi aliyelala ngalawani katika upepo wa kusi, na mwanamke aliyefua nguo kwa miaka arobaini, wote hukaa juu yake. Aina niliyo nayo mimi ni ile ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu vitokavyo nje, huigeukia nyumba yake yenyewe na kuushambulia utando laini unaovizunguka viungo. Mara nyingi huanzia katika vifundo vya vidole na vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja. Asubuhi vidole hukakamaa, na kukakamaa huko hakulegei kwa dakika chache kama kwa mtu aliyelalia mkono. Huchukua saa nzima na zaidi. Kisha kuna uchovu, ambao hauna nasaba yoyote na kazi uliyoifanya jana.

Dawa ninayotumia, methotreksati, humezwa mara moja tu kwa wiki. Mtu akiimeza kila siku kwa kudhani ni kama vidonge vingine, inaweza kumuua. Mimi huimeza Ijumaa usiku, na Jumamosi huwa siku ya kichefuchefu na kichwa kizito, siku ambayo nimekwisha kuitoa katika hesabu. Kila baada ya muda lazima damu ipimwe, maana dawa hiyo hiyo itulizayo viungo inaweza kulidhuru ini na kuzipunguza chembe za damu. Toa Jumamosi, toa asubuhi zote hadi saa nne, toa siku za foleni ya hospitali, toa na zile siku ambazo maradhi huchachamaa bila ya sababu. Kinachobaki katika mwezi ni saa ambazo naweza kuzihesabu kwa vidole vivyo hivyo viumavyo.

Naam, na vidole kwa mtunzi wa Kiswahili si vya kushikia kalamu tu. Wengi wetu tulifundishwa mizani kwa vidole. Ukiacha magumba, mtu ana vidole vinane, na kipande cha utenzi kina mizani minane, kana kwamba aliyeupanga utenzi aliutazama mkono kwanza. Nimeshahesabu vipande vingi kwa kukigusa kila kidole kwa gumba, na kuna asubuhi ambazo mzani wa tatu na wa sita huniuma kuliko mingine. Hata neno sugu lina mzaha wake. Sugu ni ile ngozi ngumu iotayo pale kitu kinapogusa mara kwa mara. Ninayo moja katika kidole cha kati, ilipokuwa ikikaa kalamu tangu utotoni. Kwa hiyo nina sugu ya kazi na maradhi sugu katika kidole kimoja, na sidhani kama lugha ilikusudia kunikejeli.

Mwenye ajira anayo sheria. Huko Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara. Mwandishi wa kujitegemea hana mzunguko wala hana nusu. Hutunga tenzi za harusi za watu, huandika maneno ya taarabu, husahihisha miswada, hufasiri kwa malipo ya ukurasa, na mchezo wa redio ukipatikana hushukuru. Mchapishaji mmoja aliwahi kunilipa katika mwaka wa pili baada ya kazi, na nilipozishika fedha zile thamani yake ilikuwa imeyeyuka kama barafu ya mvuvi. Kwa hiyo saa ya nafuu, kabla ya kuwa saa ya sanaa, ni saa ya mchele.

Lakini tumbo si mdai mkali kuliko wote. Mdai mkali ni mtaa. Katika kisiwa mtu huhesabiwa kwa kuonekana: maziko, hitima, harusi, kumkagua aliyelazwa, kumpokea aliyetoka Hija. Sasa chukua mtu ambaye Jumatatu hakuonekana mazikoni kwa kuwa hakuweza hata kuvaa kanzu, na Jumanne saa tano akapita jirani akamkuta barazani ana daftari. Hakuna atakayemsema mbele yake. Atasemwa nyuma, na maneno yenyewe tunayajua: kumbe kuandika anaweza. Hoja hiyo ni nyepesi, lakini ina nguvu kwa sababu aliyeitoa hana ubaya. Kwake yeye, uzima ni kitu kimoja. Ama unao, ama huna. Hajui kwamba nafuu ya Jumanne haiwezi kurudishwa nyuma ikatumiwe Jumatatu, kama vile maji ya bamvua hayawezi kuitwa siku ya maji mafu.

Wapo waandishi wenzangu ambao hulijibu swali hili kwa mkato. Husema sanaa haina deni kwa mtu, na kwamba mtunzi akipata saa yake aifunge milango. Hilo ni neno la mtu ambaye hajawahi kufungwa vifungo vya shati na mkono wa mwingine. Mimi kila alfajiri huchemshiwa maji ya kuvilegeza vidole. Anayeyachemsha huamka kabla yangu, na usingizi aliouacha haurudi. Saa yangu ya saa tano imetengenezwa kwa saa yake ya kumi na moja. Ikiwa hivyo ndivyo, kuiita yangu peke yangu ni kusema uongo juu ya asili ya mali.

Tukitazama mbali kidogo, tutaona jambo hili hili likifichwa ndani ya sifa. Flannery O'Connor, mwandishi wa Marekani, aliugua mwishoni mwa mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 25. Maradhi yake yalikuwa lupasi, ambayo ni jamaa wa haya yangu, na ndiyo yaliyomuua baba yake mwaka 1941. Alirudi Georgia kwa mama yake, katika shamba lililo karibu na mji wa Milledgeville, akaandika kila asubuhi kwa saa chache hadi alipofariki mwaka 1964, akiwa na miaka 39. Watu humsifu kwa nidhamu yake, na anastahili. Lakini asubuhi hizo zilikuwa na mlinzi: mama yake ndiye aliyeliendesha shamba lile la ng'ombe wa maziwa. Marcel Proust wa Paris, mgonjwa wa pumu tangu utotoni, alikuwa na mali ya urithi na chumba kilichozibwa kuta kwa magome ya mti ili sauti isipite. Alikuwa pia na Céleste Albaret, mwanamke aliyegeuza usiku wake kuwa mchana kumhudumia hadi kifo chake mwaka 1922. Ndugu msomaji, kila inaposemwa kwamba mgonjwa fulani aliyashinda maradhi akaandika, uliza ni nani aliyekuwa jikoni.

Ama kwetu, mfano ulio bora kuliko hiyo yote uko karibu. Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate, alitunga utenzi wake mwaka 1858, na akafariki yapata miaka miwili baadaye. Wengi huusoma kwa ajili ya mafunzo ya unyumba yaliyomo, na siku hizi wengi huugombania kwa ajili ya mafunzo hayo hayo. Ugomvi huo nauacha kwa wenyewe. Mimi huusoma kama kazi ya mgonjwa. Mwenyewe ametaja kwamba maradhi yake yalikwisha kutimiza mwaka, na mwaka huo wote hakupata kumwambia binti yake lile alilotaka kumwambia. Tizama hapo: mwaka mzima wa neno lililozuiliwa, kisha inakuja nafuu. Na anaifanyia nini? Anamwita binti asogee, akae, ashike wino na karatasi. Mdai na msaidizi ni mtu mmoja. Mkono unaoandika ni wa yule yule anayeandikiwa. Mama amemlipa mtoto, amelipa na kalamu, kwa malipo mamoja, na hakuna anayeweza kusema kwamba saa ile iliibiwa nyumbani ikapelekwa kwenye ushairi.

Hata hivyo, si busara kuufanya mfano huo kuwa kanuni. Mwana Kupona alikuwa na jambo ambalo binti yake alilihitaji. Mtunzi anayetaka kutunga juu ya rangi ya maji ya Chwaka saa za alasiri hana la kumwambia aliyemchemshia maji, isipokuwa kwamba maji yale ni mazuri. Je, aache? Tukisema ndiyo, tumehukumu kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kuandika yale tu yenye manufaa, na mzima ana ruhusa ya kuandika apendayo. Hukumu hiyo siikubali. Maradhi yameshachukua magoti, yameshachukua Jumamosi. Sioni kwa nini yapewe na hiari ya moyo.

Wazee wetu husema kwamba afya ni amana. Maneno hayo nayaheshimu, lakini naona neno lililochaguliwa halitoshi. Anayewekewa amana huilinda tu. Ukiniwekea mkufu wako, sina ruhusa ya kuuvaa hata siku ya Idi; kazi yangu ni kukurudishia kama ulivyonipa. Saa ya nafuu ikiwa amana kwa maana hiyo, mgonjwa angelala nayo kitandani ameikumbatia mpaka ipite, na wapo wanaomshauri hivyo kwa huruma: pumzika, usijichoshe. Liko neno jingine, nalo ni azima, ambalo wanazuoni huliita ariya. Kitu cha kuazima hupewa ili ukitumie. Ukiazima jembe ukalilaza ukumbini, hukumtendea mwenyewe hisani yoyote. Na katika fikihi ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani hii, aliyeazima hudaiwa kitu kikipotea au kikiharibika, isipokuwa kile kilichoharibika kwa matumizi yale yale yaliyoruhusiwa. Nguo ikichakaa kwa kuvaliwa, haidaiwi. Nafuu ni ya namna hiyo. Naruhusiwa kuichakaza.

Sasa ni nani aliyeniazima? Juu yuko Mwenyezi Mungu, hapo hapana maneno. Hapa chini waazimishaji ni wengi, na kila mmoja ametoa kipande: aliyeamka alfajiri, dada anayenichukulia zamu hospitali, jirani aliyepunguza redio bila ya kuambiwa. Wao hawana haki ya kuniagiza niandike nini. Wana haki ya kuniuliza ilitumika vipi, na mimi nina wajibu wa kuwajibu bila kuwaficha. Siku niliyoutumia mchana mzima kwa kubadilisha neno moja, husema hivyo, na huvumilia uso nitakaoupata. Nimegundua kwamba mtaa pia huweza kuambiwa. Nilimwambia shangazi yangu wazi kwamba siku ile nilikuwa na saa moja tu, nikaitumia kuandika wala sikwenda kwa bi harusi wake. Alininunia mwezi mzima. Kununa huko ni sehemu ya bei ya nafuu, nami nililiona ni deni la haki, nikalilipa kwa kununiwa.

Kuna tiba moja ya kwetu ambayo huifikiria sana katika jambo hili, nayo ni kombe. Maneno huandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, yakaoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa akayanywa. Shangazi huyo huyo ameniletea mara nyingi, akiwa amenuna au hakununa. Sisemi hapa kwamba yameniponya vidole. Methotreksati ndiyo niliyopewa kwa kazi hiyo, na sijaiacha. Ninachokiona ni kwamba katika kisiwa hiki hapajawahi kuwa na shaka kuwa kuandika ni kazi ya kumfaa mgonjwa. Ajabu huanza pale tu mgonjwa anapoishika kalamu yeye mwenyewe.

Mwaka huu mkono wa kulia umezidi, na nimeanza kusoma kwa sauti ili binti yangu aandike. Humlipa kwa ukurasa, kwa kiwango kile kile ninacholipwa mimi kwa kufasiri, na kama mimi husubiri malipo yake. Wiki iliyopita nilimsomea kipande kimoja, akaacha kuandika akaanza kugusa vidole vyake kimoja kimoja. Akasema, baba, ni tisa. Nikahesabu, vilikuwa tisa. Akapendekeza neno jingine fupi zaidi, ambalo mimi nisingelitumia, nikamwambia aliandike.