Je, ngozi yenye madoa ni ngozi chafu?



Naanza kwa kukubali kosa langu. Siku moja ya karamu ya kanisa, mama mmoja alikuja kugawa bugali na sombe. Mikono yake ina madoa meupe tangu miaka mingi. Watu wakaanza kunong'ona. Mimi, shemasi, nikamwambia kwa upole: «Mama, pumzika kwanza.» Akaweka mwiko chini, akaenda kukaa peke yake chini ya mwembe. Majuma matatu hatukumwona kanisani. Tangu hapo najiuliza: siku ile, kati ya yeye na mimi, nani alikuwa mchafu?

Tujue kwanza ugonjwa wenyewe. Madoa yale waganga wa hospitali wanayaita vitiligo. Askari wa mwili, wanaotulinda na magonjwa, wanakosea na kuharibu chembe zinazotia ngozi rangi. Hauambukizi kwa mkono, kwa sahani wala kwa kitanda. Ekzema nayo haiambukizi: ngozi inakauka, inawasha, inatulia, kisha inarudi, mara nyingi inafuata jamaa. Dawa zinasaidia, lakini wengi wanaishi na magonjwa haya miaka na miaka.

Ukoma ni kitu kingine. Huo unaletwa na kijidudu, na mara nyingi doa lake halisikii kitu ukiligusa. Lakini ukoma pia unapona, kwa dawa za miezi 6 au 12, zinazotolewa bure. Mwenye doa lisilosikia aende kituo cha afya mapema, wala tusimfiche nyumbani.

Wengine watasema: «Ameombewa mara nyingi, mbona hajapona? Lazima kuna dhambi.» Ndugu, wanafunzi waliuliza hivyo juu ya yule kipofu (Yohana 9), na Bwana akakataa. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, nao ukabaki (2 Wakorinto 12). Nani atasema Paulo alikosa imani? Someni pia Walawi 13, mistari 38 na 39. Hata Sheria ya Musa, iliyokuwa kali, ilimwamuru kuhani amtazame mwenye madoa meupe hafifu, kisha amtangaze kuwa safi. Kuhani alitazama kabla ya kuhukumu. Sisi tunahukumu kabla ya kutazama.

Mungu anaponya, sikatai. Lakini uponyaji ni zawadi yake, si cheti cha utakatifu. Na maombi hayamkatazi mtu dawa. Mwenye ekzema aache sabuni kali, ajipake mafuta mara tu akitoka kuoga, ajizuie kujikuna. Mwenye madoa meupe ayafunike juani, maana yanaungua upesi. Wote wajihadhari na pomadi za kujichubua zinazouzwa sokoni: nyingi zinadhoofisha ngozi.

Nilienda kwa yule mama kuomba radhi. Hakusema mengi. Alinipa maji katika kikombe kwa mkono wake, nikanywa. Kwenye karamu iliyofuata aligawa chakula, nami nilikuwa wa kwanza kupokea sahani. Madoa yake yangalipo. Aibu yangu ndiyo imeanza kupona.

Wapendwa, Bwana alimgusa mwenye ukoma kabla hajatakasika. Sisi tunaogopa kugusa nini?