Sababu ya Upepo Kupungua

Kompresa ya kiwandani inayozunguka bila kujaza tangi huzua swali la kale la falsafa: sababu ya jambo ni ipi? Fundi huanza na la karibu. Filta ikiziba kwa vumbi la kiangazi, hewa haiingii ya kutosha. Mkanda ukilegea, huteleza juu ya puli. Ringi za pistoni zikilika, upepo hushukia kwenye oili. Valvu isipokaa sawasawa, upepo uliokwisha kubanwa hurudi ulikotoka. Kabla ya kufungua kichwa cha silinda, maungio ya mabomba hupakwa maji ya sabuni. Panapovuja huumuka mapovu madogo, yanapasuka, yanaumuka tena, na mara nyingi kazi huishia hapo.

Tabora kuna jambo la ziada. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Reli iliyofika hapo mwaka 1912 ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Mashine iliyopandishwa kwa reli hiyo kutoka Dar es Salaam huvuta hewa pungufu kila pistoni inaposhuka, ingawa hakuna kilichoharibika. Mwinuko hupunguza upepo kama filta chafu inavyoupunguza, ila hakuna fundi anayeuhesabu kuwa ubovu. Kinachoshikika kwa spana ndicho huitwa sababu. Kilichobaki huitwa hali ya mahali. Mpaka huo umewekwa na haja ya binadamu, wala haumo ndani ya mashine.

Katika Uislamu, ulioingia Unyanyembe, eneo la Tabora, pamoja na misafara, mjadala huu wa sababu ni mkongwe. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa pamba na moto: jicho huona pamba ikiungua inapokutana na moto, halioni moto ukiiunguza. Mtendaji ni Mungu, na mfuatano huo ni ada aliyoiweka. Mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alijibu kwamba anayekana sababu amekana akili yenyewe. Gerejini, tofauti yao ni ndogo kuliko inavyosikika, kwani ada isiyobadilika inatosha kutafutia panapovuja.

Anayekosea ni yule anayelitaja jina la Mungu ili uchunguzi ukome. Tangi limetobolewa na kutu, naye anasema imeandikwa. Na iwe imeandikwa, maji yalikuwamo. Hewa ikibanwa kisha ikapoa, mvuke wake hugeuka maji yanayotuama chini ya tangi. Koki ya chini ikifunguliwa hutoka kwanza maji ya rangi ya chai, halafu upepo mtupu. Yasipomwagwa, chuma huliwa kwa ndani pasipoonekana, na tangi lililodhoofika hivyo huweza kupasuka na kuua. Kwa Ghazali na kwa Ibn Rushd vilevile, aliyekabidhiwa koki hiyo asiifungue ana la kujibu.