Shauri la Yethro kwa Mwanachuo wa Ualimu
(Kutoka 18:13-26)



Twasoma ya kuwa Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, nao watu wakasimama mbele yake kutwa. Yethro mkwewe alipoona hayo, hakumsifu kwa bidii yake. Alimwonya waziwazi kwamba afanyalo si jema, maana atachoka yeye, na watu walio pamoja naye watachoka pia.

Kwa neno hili nawakumbuka hasa vijana wetu walio katika vyuo vya ualimu. Mwanachuo wa ualimu ana kazi mbili katika siku moja. Yeye ni mwanafunzi, mwenye masomo na mitihani. Tena papo hapo ameanza kuwa mwalimu: wakati wa mazoezi ya kufundisha yampasa kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kutengeneza zana, na kusahihisha madaftari ya watoto, huku mkufunzi ameketi nyuma ya darasa akimtazama. Wengine wana wazazi wanaongoja msaada. Wengine wana watoto wao wenyewe. Basi wako wanaotaka kuuacha wito wao, na wako wanaonakili kazi za wenzao ili wapate kuvuka. Shauri la Yethro lawahusu hao wote.

Kwanza, mwanadamu ana mpaka. Musa aliitwa na Mungu kweli, walakini wito haukumwondolea uchovu. Elia naye, alipomkimbia Yezebeli, alilala chini ya mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mwanachuo asiyelala wala kula asidhani kwamba anamtolea Mungu sadaka. Asubuhi atasimama darasani hana kitu ila ukali, na watoto ndio watakaolipa deni la usiku wake.

Pili, kazi isilimbikizwe. Martin Luther, alipokuwa mtawa na huku akifundisha katika chuo kikuu cha Wittenberg, alikosa nafasi ya kuzisali sala za kila siku alizoamriwa. Akaziweka akiba, kisha siku ya Jumamosi akajifungia chumbani azilipe zote pamoja, bila kula. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi desturi ile ilivyomtia ugonjwa na kumnyima usingizi, hata akaiacha. Ikiwa sala takatifu zikirundikwa hugeuka kuwa kongwa shingoni, je, masomo ya muhula mzima yangojayo usiku wa kuamkia mtihani? Wazee wetu husema, Bandu bandu huisha gogo. Somo la leo lirudiwe leo, ijapokuwa kwa nusu saa. Andalio la kesho liandikwe kabla giza halijaingia. Na Siku ya Bwana iachwe iwe ya Bwana.

Tatu, mzigo ugawanywe. Yethro hakumwambia Musa aache kazi. Alimwambia achague watu waaminifu, wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Neno kubwa limjie Musa, neno dogo waliamue wao. Mwanachuo naye ajifunze kupambanua lililo kubwa na lililo dogo. Wenzi wasome pamoja, mmoja amweleze mwenziwe hesabu, naye aelezwe lugha. Na kueleza huko ndio ualimu wenyewe. Lakini kunakili kazi ya mwenzio si kugawana mzigo. Ni kuuficha tu, nao utakungoja mbele ya watoto. Aliyelemewa na amwendee mkufunzi wake mapema, amwambie kweli.

Na sisi wachungaji, wazee wa kanisa na wainjilisti, yatupasa kujipima. Kijana arudipo likizoni twamtwika kwaya, na shule ya Jumapili, na uandishi wa mikutano, kwa kuwa amesoma. Tusiwe kama wale waliosimama mbele ya Musa kutwa. Tumpe kazi moja, zilizosalia zifanywe na wengine. Nanyi wazazi, msimwite kutoka chuoni kwa kila shauri la nyumbani.

Sharika nyingi za nchi hii zilipandwa pamoja na shule, na mwalimu yule yule aliyewafundisha watoto kusoma aliwafundisha watu wazima Katekisimo. Naye Luther aliandika mwaka 1530 kwamba, kama ingempasa kuacha kuhubiri, hapana kazi ambayo angeipenda kuliko kuwafundisha watoto. Kazi yenye heshima namna hii tusimchoshe mtu kabla hajaianza.

Bwana Yesu aliwaona wanafunzi wake wamerudi kutoka kazini, hata nafasi ya kula hawana, akawaita kando wapumzike kidogo (Marko 6:31). Yeye ndiye Mwalimu wetu, naye ajua kipimo cha kila bega. Awape wanachuo wetu nguvu za kutosha kwa siku ya leo, na kesho awape tena. Amina.