Kuaga Kompyuta

Hivi "labda" yaweza kuwa uongo?

Mwezi uliopita rafiki yangu wa Kibondo alikuja kwetu Kasulu na flashi yenye hadithi za bibi yake, alizozichapa kwa Kiha na Kiswahili. Nikamsahihishia Kiswahili humo humo kwenye flashi, kwa kompyuta ya nyumbani. Nje kondakta anapiga kelele, gari linaondoka. Nikahifadhi, nikachomoa, nikampa.

Sasa, kompyuta ina tabia yake. Ukihifadhi kazi, yaweza kuiweka kwanza katika kumbukumbu yake ya muda, ndipo iiandike kwenye flashi taratibu, ilhali wewe kwenye skrini unaona yamekwisha. Ndiyo sababu ya kuiaga: unabofya alama ya kuondoa kifaa, unangoja ikujibu kwamba ni salama. Mwaka 2018 Windows 10 ilipunguza uchelewaji huo kwa flashi, lakini ukichomoa katikati ya kuandika, faili laweza kuharibika vile vile. Nilijua hayo yote. Hata mgeni hapa kwetu haondoki bila kuaga!

Jioni akapiga simu: faili halifunguki. "Kaka, au ni virusi?"

"Labda," nikasema.

Virusi vipo kweli, sikutamka lisilowezekana. Lakini nililichagua neno hilo ili asiniulize la pili. Bibi ni marehemu. Hadithi nyingine hana pa kuzisikia tena. Kuungama hakutazirudisha, najua. Ila mwenzangu analaumu flashi yake, hata kanunua nyingine, kwa ajili ya "labda" yangu.

Nimeshakata tiketi ya Kibondo, kesho asubuhi.