Nyumba Gisenyi, Kazi Goma

Anayetafuta nyumba Goma huanza kwa kuulizwa dola. Kodi hutajwa kwa dola, garanti ya miezi kadhaa hulipwa kwa dola, na noti iliyochanika kidogo tu ukingoni hurudishwa papo hapo. Mji umekuwa na mashirika mengi ya misaada, na hayo yamewazoeza wenye nyumba bei ambazo mshahara wa mwalimu hauzifikii hata kwa mbali. Maji nayo ni aibu kwa mji uliokaa kando ya Ziwa Kivu: mitaa mingi hununua ya bidoni za njano, zinazosukumwa kwa chukudu, baiskeli za mbao, juu ya mawe ya volkano. Ng'ambo ya kizuizi cha mpaka tu iko Gisenyi, wilaya ya Rubavu, Rwanda, ambako bomba lina maji, umeme haukatikikatiki hovyo, na kodi inahesabiwa kwa faranga. Haishangazi kwamba wako wanaofanya kazi Goma na kulala Gisenyi.

Mhasibu mmoja, tumwite Baba Neema, alihama Aprili 2022. Tangu Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, mkewe alikuwa hataki tena kulala chini ya mlima ule, ingawa matetemeko ya siku zile yalipasua kuta za Gisenyi pia. Yeye mwenyewe alisukumwa na daftari. Aligawa ukurasa mara mbili, huku Goma, huku Gisenyi, akaandika kodi, maji, umeme, maziwa, nyanya. Kila mstari Gisenyi ilishinda, na kwenye kodi peke yake angeokoa karibu nusu.

Mkewe alilisoma daftari, akauliza, "Baba Neema, na mpaka umeuandika wapi?"

"Mpaka si wa kulipia, Mama Neema. Ni jetoni tu, kile kikaratasi cha kuvukia."

Mhasibu mzima! Kuvuka hakukuwa na bei kwa sababu mpaka ulikuwa wazi, na hilo ndilo alilopaswa kulitilia shaka. Unafuu wa mji wa mpakani ni tofauti tu ya bei kati ya pande mbili, na tofauti hiyo humfaa anayeweza kuvuka, siku anayoweza kuvuka. Mwenye nyumba hakuuzii hiyo ruhusa. Wanaoitoa wako Kigali na Kinshasa, na hawakuweka sahihi kwenye mkataba wako. Kweli, mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi zilianzisha jumuiya yao, CEPGL, hapo hapo Gisenyi, na watu kuvuka kwa wepesi lilikuwa mojawapo ya malengo yake. Lakini Machi 2020 kirusi cha korona kilikuja, vizuizi vikashushwa, na mipaka ya nchi kavu ya Rwanda haikufunguliwa rasmi hadi Machi 2022. Baba Neema alihama mwezi mmoja baadaye. Habari ilikuwa ya jana, yeye akaihesabu ya zamani.

Gharama ndogondogo zilitangulia. Pikipiki ilimfikisha kwenye kizuizi, akavuka kwa miguu, akapanda nyingine upande wa pili, na jioni vivyo hivyo. Laini za simu zikawa mbili. Mshahara wa dola ulibadilishwa kuwa faranga za Rwanda kwa ajili ya nyumba, na nyingine za Kongo kwa ajili ya chakula cha mchana, na mbadilisha fedha alimega chake kila mara. Karatasi za ukaazi za familia, sare mpya za shule. Hata mfuko wa plastiki aliobebea samaki ulimponza, maana Rwanda iliupiga marufuku tangu 2008. Foleni ya Petite Barrière, kizuizi cha wanaovuka kwa miguu, ilimla saa nzima asubuhi, katikati ya akina mama wenye mabeseni ya mboga kichwani, ambao laiti angewauliza wangemweleza miaka ile miwili ya kufungiwa waliishije.

Juni 17, 2022, askari wa Kongo aliingia upande wa Rwanda akifyatua risasi, akauawa. Mamlaka za Kivu Kaskazini, mkoa wa Goma, zikaamuru mpaka ufungwe kila siku saa tisa alasiri. Ofisi ya Baba Neema ilifungwa saa kumi na nusu.

Aliomba kutoka mapema, akakubaliwa kwa wiki kadhaa, kisha akaambiwa achague. Akapanga chumba Birere, karibu kabisa na mpaka, akalipa garanti kwa dola, akawa anawaona watoto Jumamosi na Jumapili. Majirani wazoefu wa Gisenyi hawakushangaa. Wao huuliza kwanza kizuizi kinafungwa saa ngapi na nani wa nyumbani lazima avuke kila siku, hukataa mkataba wa mwaka, na huweka akiba ya kula pande zote mbili.

Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Goma. Benki za mji zikafunga milango, na watu wakawa wanavuka kwenda Gisenyi kutafuta fedha taslimu. Kwa siku chache ilionekana kama daftari lilikuwa sahihi: Mama Neema na watoto walikuwa ng'ambo, salama. Ila mshahara ulikuwa ukipitia benki ya Goma. Mwisho wa mwezi ulipofika, mwenye nyumba wa Gisenyi alitaka faranga zake, na wa Birere dola zake.